Maswali ya miaka ya 80: TV ya jirani, Jimmy wa disko na kanda za baba

Assalaam alaykum. Niliomba maswali ya miaka ya 80 yamekuja mengi kuliko nlivotegemea, na nusu ya waloniuliza hata hawajazaliwa wakati ule, jambo lililonifurahisha sana. Nayajibu yale nnayoyajua. Mie mtoto wa Kikwajuni, 1980 nlikuwa na miaka 9, kwa hivo muongo wote ule nimekua ndani yake.

Kijana wa Fuoni: "Shikamoo shangazi. Babu anasema Zanzibar tulikuwa na TV ya rangi kabla ya Bara. Nikiwaambia wenzangu chuoni Dar wananicheka. Ni kweli au babu anatia chumvi?"

Marahaba mwanangu. Babu hajatia chumvi hata chembe. TVZ, yaani Televisheni Zanzibar, imeanza 1973 na imeanza na rangi moja kwa moja, ndo ikahesabiwa ya mwanzo ya rangi Afrika yote kusini ya Sahara. Bara vituo vya mwanzo vya TV vimekuja 1994, hesabu mwenyewe, miaka 21 baadae. Kuna watu Dar walokuwa wakitundika antena juu ya paa wakiielekeza huku kwetu ili wainase TVZ, waulize wazee wa huko watakwambia.

Lakini kuwa na kituo si kuwa na TV ndani ya nyumba. Mtaani kwetu alokuwa nayo mmoja, na ikifika magharibi watoto tushakoga tushavaa, tunapanga viatu nje, tunakaa chini kwenye mkeka kimya, maana ukipiga kelele unatolewa na ukitolewa leo kesho unaona haya kurudi. Walokosa nafasi ndani wanaangalia dirishani. Sehemu nyengine serikali iliweka TV ya watu wote, mtaa mzima unakaa uwanjani. Ndo mana ukimuuliza mtu wa umri wangu kipindi gani alikipenda, kwanza atakutajia alikaa karibu na nani, kipindi chenyewe baadae. Na wenzako wa chuoni wape mwaka tu, 1973, watanyamaza.

Mwanafunzi wa skuli, Mjini Magharibi: "Freddie Mercury ni Mzanzibari kweli? Na nyinyi wakati ule mlikuwa mkimjua mkijivunia?"

Huyu muimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza kazaliwa hapa Mjini tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazee wake Waparsi walotoka India, baba yake akifanya kazi serikalini wakati wa Muingereza. Mdogo mdogo akapelekwa skuli ya bweni India, akarudi, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Kwa hivo ndio, ni mtoto wa hapa.

La kujivunia sasa. Tarehe 13 Julai 1985 alipokuwa jukwaani Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid, dunia nzima inamuangalia, mie nlikuwa na miaka 14 na sikumbuki mtu hata mmoja mtaani kwetu alosema yule ni wetu. Hatukuwa tukijua. Tulikuwa na Michael Jackson, tulikuwa na Wahindi wetu wa senema, tulikuwa na Franco wa Zaire na bendi za Bara, yeye hakuwemo. Leo Shangani pana makumbusho yake tangu 2019 na wageni wanapiga picha, vizuri, ila nakuomba usiibadilishe historia ukasema tulikuwa tukimuimba, kwa sababu ukisema hivo unawafuta wale tulokuwa tukiwaimba kweli.

Dada wa Mwanakwerekwe: "Tuna sherehe ya ofisi, tumeambiwa tuvae kizamani, miaka ya 80. Nishone bugaluu na kutafuta raizoni?"

Hapana dada, bugaluu, ile suruali pana chini, na raizoni, vile viatu vya soli nene, ni za miaka ya 70, ukivaa hivo mama zetu watakujua hapo hapo kama umekosea muongo. Wewe shona gauni au blauzi yenye sponji mabegani, mabega yasimame, nywele zitiwe kali kiti, ile dawa ya kuzikunjakunja, zing'ae mafuta mpaka kola iroe. Na ukitaka kuwa mtu wa Unguja hasa, tafuta buibui la kamba, lile la kufunga na kujifunika na si la kushona kama kanzu, kwa sababu msichana wa miaka ya 80 hapa alikuwa na mabega ya sponji ndani na buibui la kamba juu yake, vyote viwili kwa pamoja, na hakuona shida yoyote.

Kijana wa Jang'ombe: "Mama yangu akisikia nyimbo za Kihindi za zamani machozi yanamtoka, na Kihindi hajui hata neno. Kwa nini?"

Swali hili nimelisoma mara tatu, kwa sababu na mie ni hivo hivo.

Mwanangu, mama yako na wenzake Kihindi wanakijua, si cha kusema, ni cha kuimba. Tulikuwa na kumbi za senema, Majestic pale Vuga, Empire Darajani, na Cine Afrique upande wa Malindi. Jumapili ndo siku ya watu wazima na familia, watu wanavaa kama wanakwenda harusini, senema masaa matatu, na hakuna hata neno moja la Kiswahili lililoandikwa chini. Ulikuwa unaelewa kwa macho, na jirani yako aloiona juzi anakunong'oneza huyu ndo kaka yake lakini hajui. Jumatatu skuli mmoja anasimulia, na anaesimulia vizuri siku hiyo hanunui mihogo, ananunuliwa. Nyimbo zinaandikwa kwenye daftari kwa herufi zetu, kama tulivosikia tu, na mie daftari langu lilikuwa na kurasa za Kihindi ambacho Muhindi akisoma hakielewi.

Halafu ikaja senema ya muigizaji Mithun Chakraborty, Disco Dancer, ya 1982, huku imetufikia baadae. Watu wanaikumbuka kwa kucheza na kwa nguo zinazong'ara, lakini muulize mama yako alilia wapi. Jimmy ni mtoto maskini, yeye na mama yake wanasingiziwa wizi na tajiri, wanahama kwa aibu, anakua, anakuwa nyota wa disko, na maadui wake wanalitilia umeme gitaa lake, na mama yake ndo anaelishika. Anakufa mama. Baada ya hapo kijana hawezi tena kulitizama gitaa. Wallahi ukumbi mzima ulilia, wanaume wazima wanalia, na waliporudi mitaani vijana wakafunga vitambaa kichwani wakacheza kama Jimmy chini ya majumba ya Michenzani, na walewale ukiwaangalia vizuri ni watoto wa mama zao wanaouza bagia na maji ya miwa. Ndo mana ilituingia. Hadithi ya mtoto anaedharauliwa pamoja na mama yake haihitaji kutafsiriwa Unguja.

Na jengine, sauti zile hazikuwa ngeni masikioni mwetu. Taarabu ya pwani imechukua tuni nyingi za senema za Kihindi, muimbaji Juma Bhalo wa Mombasa sifa yake kubwa ndo hiyo, kwa hivo mtu alikuwa anasikia tuni harusini kwa Kiswahili, anaisikia tena senema kwa Kihindi, hajui ipi mama ipi mtoto. Mama yako akilia usimuulize maana yake nini. Muulize alikwenda na nani. Kumbi zenyewe zimekwisha, deki za video zilipoingia majumbani watu wakaacha kwenda, Majestic imechakaa miaka mingi na mie nikipita Vuga naangalia upande wa pili wa njia.

Mzee wa Mkoani, Pemba: "Mwanangu, mnasifu miaka ya 80 kama pepo. Sie Pemba tunaikumbuka kwa foleni na njaa. Mnamiss nini?"

Shikamoo mzee wangu. Una haki, na nakushukuru umesema, maana mambo haya ukiyaandika kwa ladha ya nyimbo tu unakuwa muongo.

Mwanzo wa miaka ile sukari foleni, mchele foleni, sabuni foleni, unga wa ngano ukiupata unauficha. Na Pemba iliumia zaidi, kwa sababu karafuu ndo ilokuwa yenu, Indonesia alokuwa mnunuzi mkubwa akawa analima zake mwenyewe, bei ya dunia ikaporomoka, na mkulima tangu zamani alikuwa anauzia serikali tu kwa bei ndogo. Hata umeme tu, Unguja tulipata waya wa chini ya bahari kutoka Bara mwaka 1980, Pemba mmeupata wenu 2010 kutokea Tanga, miaka 30 mizima mkiwa na majenereta. Kwa hivo nikisema "tulikuwa tunaangalia TV" lazima nikumbuke kuna watu walikuwa na redio ya mabetri, yakichoka yanaanikwa juani ili yatoe taarifa ya habari moja zaidi.

Simiss foleni mzee. Ila na mie naomba unielewe kitu kimoja, raha zile hazikuja kwa sababu ya shida wala hazikuifuta shida, zilikuwepo tu pembeni yake kama mtu anavoimba akichuma karafuu. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na biashara ikaanza kufunguliwa, vitu vya Dubai vikamiminika, kitu cha mwanzo watu wengi walichonunua baada ya nguo ni redio kaseti. Si sofa, si kabati. Redio kaseti. Hilo mie naliona linasema mengi juu ya watu wetu walikuwa na njaa ya nini baada ya njaa ya tumbo. Na ukiwa na kumbukumbu zako za Mkoani nisimulie, nitaziandika kama utakavozisema, bila kuzitia sukari.

Mama wa Wete: "Da'angu, nimekuta kanda 11 za marehemu baba. Nyengine taarabu, nyengine kajirekodi mwenyewe alipokuwa Muscat akatutumia. Moja ina kitu cheupe kama unga. Naogopa kuzipiga. Nifanye nini?"

Mungu amrehemu baba. Kwanza umefanya vizuri kuogopa.

Kwa wasojua, wakati ule simu ya nje ni tabu na ghali, na wazee wengi kuandika kunawapa shida, basi mtu alieko Oman au Dubai anakaa na redio yake anabonyeza rekodi anazungumza nusu saa, anamsalimia mmoja mmoja kwa jina, kanda inapewa mtu anaesafiri, huku nyumbani watu wanakaa duara wanamsikiliza kama yupo. Ami yangu alituletea kama hizo. Na mie nikiwa na miaka 15 nimekosa kanda tupu, nimechukua moja yake, nimerekodia nyimbo za senema juu yake. Nyimbo zile leo nazipata kwenye simu kwa sekunde mbili. Sauti ya ami sina, na sina pa kuipata. Kwa hivo da'angu nakujibu kwa urefu.

Ile yenye unga mweupe ni kuvu, unyevu wa kwetu ndo unaoileta. Usiipige kabisa, wala usiitie kwenye redio utakayopigia nyengine maana kuvu itahama. Itie kwenye mfuko peke yake na uiweke pakavu, hiyo apewe fundi anaejua kuisafisha.

Zilobaki, zitizame upande wa juu, kila kanda ina vidude viwili vya plastiki pembeni. Vikiwepo, vivunje leo leo, maana vikishavunjwa haiwezi kurekodiwa juu yake hata mtu akibonyeza kwa makosa. Kisha angalia kama utepe umelegea, ukaze taratibu kwa kalamu ya Bic kama tulivokuwa tukifanya.

Redio usitumie kile kidude cha bei rahisi cha kuchomeka kwenye kompyuta, vingi spidi yake inayumba, sauti ya baba itakuwa kama ya mtu mwengine. Tafuta deki nzima ya zamani, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti kabla ya kila kanda, itie kwenye umeme na si mabetri yalochoka. Peleka kanda mpaka mwisho kisha irudishe mwanzo bila kupiga, utepe ulolala miaka 35 umeganda lazima ulegezwe kwanza. Halafu waya kutoka tundu la hedifoni la deki mpaka kwenye kompyuta, laptopu nyingi hazina tundu la kupokea sauti kwa hivo nunua adapta ndogo ya USB, na programu ya kurekodia ya Audacity ni ya bure. Sauti usiifungulie sana ikakwaruza. Hifadhi kwa WAV kwanza, faili kubwa lenye sauti kamili, MP3 ndogo utatoa baadae za kuwatumia ndugu. Weka nakala kwenye flashi mbili na kwenye intaneti, na moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyengine.

Kanda za dakika 60 ni nusu saa kila upande, usikatishe hata kama umesikia kimya, wazee wengi walikuwa wakinyamaza wakafikiri kisha wakaendelea, na wengine walimsalimia mtu mwisho kabisa utepe unakaribia kwisha.

Usianze na za baba. Anza na ya taarabu ambayo unaweza kuipata kwengine, ikiharibika usilie. Ikitoka salama ya pili ndo yake, na siku hiyo mama awepo kama yuhai, na ndugu zako, mkae duara kama zamani. Kisha niandikie, niambie nani alisalimiwa wa mwanzo.