Jino limetibiwa vibaya: nimwendee nani asiye upande wa daktari?

SUALI: Asalaam alaykum daktari. Mimi mkaazi wa Wete, Pemba. Nilitibiwa gego la chini kwenye kliniki ya binafsi Unguja. Nilisafishwa mizizi, gego likavishwa kofia ya bandia ya kulifunika, nikalipa laki nane, risiti nikapewa ya laki tano. Mwezi wa tatu kofia imetoka nikila muhogo na maumivu yamerudi. Daktari mwengine kanipiga picha, kanambia kuna kipande cha sindano kimekatikia ndani ya mzizi. Wale wa mwanzo wanasema nilipe tena ndio walitengeneze. Mdogo wangu aliyeko London anasema kule kuna ofisi inayokaa kati ya mgonjwa na daktari wa meno. Huku kwetu ipo? Nataka mtu asiye upande wao.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu, na pole.

Kabla ya yote, jiangalie shavu. Ukiona limevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunakupa tabu, weka barua na malalamiko pembeni na uende hospitali leo hii, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee Mkoani. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka shingoni, na huko hausubiri mtu amalize kudai risiti.

Kama ni maumivu tu, tuzungumze.

Mdogo wako kasema kweli, ila asikupe tamaa kubwa kuliko jambo lenyewe. Ofisi anayoitaja ni Dental Complaints Service, iliyoanza 2006. Inagharimiwa na General Dental Council, ndilo baraza linalosajili madaktari wa meno Uingereza, na mgonjwa halipi kitu. Inashughulikia matibabu ya kulipia tu. Aliyetibiwa kwa huduma ya serikali, NHS, ana njia nyengine. Na hata huyo wa kulipia hutakiwa kwanza awe amelalamika kwa daktari mwenyewe. Baada ya hapo ofisi inaweza kumsaidia apate maelezo, kuombwa radhi, kurejeshewa pesa alizolipa, au jino kutengenezwa upya. Fidia ya machungu na usingizi uliokosa haitoi. Kwa ufupi ni wasuluhishi, si mahkama.

Kwetu sijaona ofisi moja ya meno peke yake iliyokaa namna hiyo. Tulichonacho ni milango kadhaa, na kila mmoja unafungukia chumba chake. Wengi wanaokuja kwangu wamechoka na wamekasirika kwa sababu waligonga mlango wa nidhamu wakitaka pesa, au wa pesa wakitaka daktari asimamishwe. Kwa hiyo jiulize mwenyewe kwanza, usiku ukiwa umetulia: nataka nini hasa? Jino lipone? Pesa zirudi? Au yule bwana asimfanyie mwengine alivyonifanyia mimi? Unaweza kuyataka yote matatu, lakini hayaombwi kwa barua moja.

Sasa hiyo sindano. Chombo chenyewe tunakiita faili, ni uzi mwembamba wa chuma wa kukwangulia mfereji wa ndani ya mzizi. Gego la chini la mbele kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, pengine minne, na mifereji hiyo haikunyooka. Faili hukatika. Imenikatikia na mimi, na atakayekwambia haijamkatikia basi bado hajatibu mizizi mingi. Kukatika peke yake si uzembe. Ikikatika mwisho wa kazi, mfereji umeshasafishwa, kipande kinaweza kuachwa na jino likakaa miaka. Ikikatika mwanzo, uchafu ulio chini yake unabaki hapo na maumivu yanarudi, kama yalivyokurudia wewe. Kilichonisikitisha katika maelezo yako ni kwamba umekuja kujua kwa daktari wa pili. Ikikatika, mgonjwa anaambiwa siku ile ile, inaandikwa kwenye kadi, na anapewa hiari: tukitafute, tukiache tuangalie, au tukupeleke kwa mwenye ujuzi zaidi. Ukilalamika, shika hapo. “Hamkuniambia” ni neno zito kuliko “mmenivunjia sindano.”

Kofia kutoka ndani ya miezi mitatu ni mapema mno, nayo ina maelezo yake: pengine jino lililobaki lilikuwa fupi halina pa kushikia, au saruji ya kugandishia ilitiwa pakiwa na mate, au kofia yenyewe haikukaa. Muhogo usiusingizie. Kofia inawekwa ili mtu ale.

Hapa ndipo pagumu kwetu kuliko London. Madaktari wa meno visiwani tunajuana. Tumesoma pamoja, tunazikana, na anayekutibu asubuhi hospitali ya serikali pengine jioni yuko kliniki ya binafsi. Ukimuuliza daktari wa pili, “Yule kakosea?” utamtia kwenye mtihani. Mmoja atamkingia mwenzake, mwengine atamponda ili amchukue mgonjwa, na maneno ya wote wawili hayatakufaa. Muulize hivi: “Unaona nini kwenye picha hii? Kipande kiko mfereji gani, usawa gani? Chini yake pana weusi kwenye mfupa? Kofia imekaa sawasawa na ukingo wa jino? Niandikie.” Hayo ni mambo ya kuonekana kwa jicho, na daktari mwenye haya yake hawezi kuyakataa. Na jambo hili nalisisitiza: ukiweza, anayekuandikia asiwe ndiye atakayelipwa kulitibu upya. Mwambie mapema kwamba umekuja kutaka maoni tu. Lipa ada ya kuonwa, chukua karatasi, toka.

Usikubali jino ling'olewe kabla hujawa na picha mkononi. Nimeona watu watatu au wanne wakiharibu madai yao hapo hapo: jino limeuma, limeng'olewa, limetupwa, na ushahidi wote umekwenda na ndoo ya taka. Likilazimika kung'olewa, omba picha ya kabla, na jino lenyewe ulichukue nyumbani. Na ile kofia iliyotoka itie kwenye kikopo kidogo, usiigandishe kwa gundi ya dukani.

Kisha andika kwa kliniki. Simu haitoshi, na kwenda kugombana mapokezi pia hakutoshi. Ukurasa mmoja, lugha ya heshima: tarehe ulizokwenda, ulichofanyiwa, ulicholipa, kilichotokea. Omba nakala ya kadi yako na picha zote, ile ya kabla, ya katikati na ya baada ya kuziba. Omba maelezo kwa maandishi kuhusu kile kipande. Halafu sema unachotaka na wape muda, wiki mbili zinatosha. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Hizo laki tatu zisizo na risiti, kama ulilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usiufute. Kama ulimpa mtu mkononi, andika siku, kiasi na aliyepokea kabla hujasahau.

Kliniki nyingi humaliza hapo. Wanaweza kukwambia watalitengeneza bure. Si jibu baya, ila una haki ya kuuliza nani atalifanya na kwa chombo gani, na kama imani imekutoka, omba pesa ili ukatibiwe kwengine. Mkielewana, sulhu iandikwe. Usitie saini karatasi inayosema “nimeridhika, sitadai tena” wakati jino bado halijatulia.

Wakikataa au wakinyamaza, ndio unakwenda kwenye ile milango. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo usiende Baraza la Madaktari Tanganyika, hilo ni la Bara. Mwenendo wa daktari mwenyewe, kwa mfano kukuficha jambo au kufanya kazi asiyoiweza, unapelekwa Baraza la Madaktari Zanzibar. Baraza linaangalia kama anafaa kuendelea na kazi, na hapo usitarajie laki nane zako. Kliniki yenyewe, vibali vyake na hali yake, ni ya Bodi ya Ushauri wa Hospitali Binafsi. Suala la kulipishwa, risiti pungufu na huduma isiyolingana na pesa ni la Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyoundwa kwa sheria Namba 5 ya 2018, ambayo pia inamlinda mtumiaji. Kwa maoni yangu, kesi yako wewe ina harufu ya mlango huu zaidi, kwa sababu ya hizo laki tatu.

Fidia ya madhara ni mahkama, na hapo lazima upate shauri la sheria kwanza. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na wasaidizi wa sheria wapo hata majimboni. Waoneshe karatasi zako kabla hujalipa wakili. Mahkama ina ukomo wa muda wa kufungua madai, basi usikae mwaka mzima ukisubiri simu ya kliniki. Watu hupenda kuanzia kwa sheha. Si vibaya akiwepo kama shahidi wa mazungumzo, lakini sheha hasomi picha ya jino, na sulhu ya kupatanisha nyoyo tu itakuachia gego linauma.

Na usimtaje daktari kwenye makundi ya simu. Najua unatamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika hadi huku kwetu, na nimeshaona mlalamikaji akigeuka mshitakiwa kwa sauti ya dakika mbili.

Jino lenyewe bado lina matumaini, ikiwa halijapasuka. Kipande pengine hutolewa, pengine hupitwa pembeni, na mizizi ikasafishwa tena. Kofia ya zamani inaweza isirudi. Ukipanda boti kwenda Unguja, picha na kile kikopo viwe kwenye mkoba wa mkononi, visipakiwe na mizigo.