Kabla Hujauza Besi Yako

Vijana wanaoanza kupiga besi huniuliza sana swali moja: ninunue Precision au Jazz, zile besi mbili maarufu za kampuni ya Fender? Wengine wameshanunua gitaa, wamelipiga kwenye kwaya au bendi kwa miezi kadhaa, na sasa wanatafuta mteja kwa sababu eti halina sauti. Nikiwauliza nyuzi zake zimebadilishwa lini, hawajui. Nikiwauliza wanachomeka wapi, wananiambia kwenye mixa, pale pale palipochomekwa kinanda. Hapo huwa nawaambia waache kuuza kwanza.

Nianze na hiyo mixa, maana ndiyo imeuza besi nyingi zisizo na kosa. Besi ya kawaida haina betri. Pikapu zake ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, na umeme unaotoka humo ni dhaifu. Tundu la laini la mixa limetengenezwa kwa ajili ya kinanda au simu, vyombo vinavyosukuma umeme wake kwa nguvu. Upinzani wa tundu hilo mara nyingi ni ohmu elfu kumi au ishirini hivi, wakati pikapu inataka kukutana na ohmu laki tano, na milioni moja ikipatikana ni bora zaidi. Ukilazimisha, volyumu inashuka, na sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Unasikia besi iliyofunikwa blanketi. Fundi mitambo naye, kwa nia njema, anaongeza treble, na sasa unapata blanketi pamoja na mchakacho.

Jumapili inayofuata unaazima besi ya mwenzako yenye betri ya volti 9. Ndani yake kuna saketi ndogo inayoukuza umeme kabla haujatoka, kwa hiyo mixa ile ile haiidhoofishi. Inang'aa! Unarudi nyumbani ukiamini kwamba besi yake ni bora kuliko yako, kumbe ulichosikia ni kazi ya betri. Tafuta kisanduku cha DI, kinachowekwa kati ya besi na mixa, kile kinachotumia umeme, si kile kitupu chenye transfoma tu, kisha upige besi yako tena. Mixa nyingine zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z, yaani upinzani mkubwa, kwenye chaneli moja au mbili. Kibonyeze, ndiyo kazi yake. Na waya usiwe mrefu bila sababu. Kwenye besi isiyo na betri, kila mita ya waya inakula kidogo cha sauti za juu, na tofauti ya mita tatu na mita kumi inasikika.

Sasa nyuzi. Nyuzi za chuma zenye mizunguko ya duara, yaani zilizozungushiwa waya wa duara, ambazo wengi wetu tunazo, hung'aa zikiwa mpya, kisha jasho na uchafu wa vidole hujaa katikati ya mizunguko na mng'ao unapotea. Ukikaa Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani inakuharakishia mambo. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Zikishachoka, zitoe, uzichemshe dakika chache, uzikaushe vizuri kabla ya kuzirudisha: zitaamka kwa muda, si kwa kudumu. Wengine huziloweka kwenye spiriti, nayo inafanya kazi, ila iwe mbali na moto na mbali na rangi ya gitaa.

Nyuzi kuukuu si ubaya kila mahali, lakini. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia Fender Precision yenye nyuzi nene za bapa, yaani zilizozungushiwa waya bapa, na anajulikana kwa kutozibadilisha. Chini ya kifuniko cha daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, mlikuwa na sponji ya kuzima mlio. Na alidonoa kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Ukinunua Precision leo, ukaifunga nyuzi mpya za mizunguko ya duara, ukapiga kwa vidole viwili karibu na daraja, utapata chombo kingine kabisa, ingawa jina kwenye kichwa cha gitaa ni lile lile. Kwa sababu hiyo mjadala wa "Precision inasikika hivi" haunivutii mpaka niambiwe nyuzi gani na mkono gani.

Simaanishi majina hayana maana. Precision ilitoka California mwaka 1951, na tangu 1957 ina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili: kimoja kinasikiliza nyuzi za E na A, kingine D na G. Vimezungushwa kinyume ili vifute mvumo wa umeme. Sauti yake ina kifua, imejaa sauti za katikati. Jazz Bass ilikuja 1960 ikiwa na pikapu mbili, moja ikiwa karibu na daraja. Ukifungua zote sawasawa, sehemu ya katikati inajikunja kidogo na vidole vinasikika zaidi; kwa zile ambazo pikapu zake zimezungushwa kinyume, mvumo nao unapotea. Ukipunguza moja, mvumo unarudi, kwa hiyo usikimbilie kwa fundi. StingRay ya Music Man, ya mwaka 1976, ilikuja na betri na pikapu moja nene iliyosogea upande wa daraja, ndiyo maana inapenya hata bendi ikipiga kelele.

Kinachotofautisha zaidi hapo ni mahali pikapu ilipo. Karibu na daraja uzi hausogei sana, sauti ya msingi inakuwa ndogo na zile za juu yake zinatokeza. Ukielekea shingoni, mambo yanageuka: unapata unene na giza. Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba mkono wako unafuata sheria hiyo hiyo. Donoa juu ya daraja, kisha mwisho wa shingo, bila kugusa nobu yoyote. Hizo ni besi mbili tayari, na hujatoa shilingi. Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazz wa Marekani, alikuwa na Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti, vile vipande vya chuma vya shingoni, lakini ule mlio wake wa kuimba ulitokana pia na kufungua pikapu ya nyuma na kudonoa karibu na daraja.

Ukitaka kulinganisha besi mbili kwa haki, kwanza sawazisha volyumu. Hili ndilo watu wanaliruka, nalo ndilo linaloharibu kila kitu, kwa sababu sikio huipenda iliyo juu zaidi, na kwa besi ni vibaya zaidi: tukipunguza volyumu, sauti za chini ndizo tunazoacha kuzisikia mapema. Nobu za amplifaya ziache katikati. Tumia waya ule ule, piga kifungu kile kile kifupi, badilisha haraka, maana sikio husahau upesi. Mwambie mwenzio apige wewe ukiwa umeupa ukuta uso. Utashangaa mara ngapi utaisifu ile ya bei ndogo.

Usihukumu kwa spika ya simu. Uzi wa E ulio wazi unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na B ya besi ya nyuzi tano mara 31. Spika ya simu haiwezi kutoa hizo kabisa. Inatoa milio ya juu yake tu, na ubongo ndio unaojaza pengo. Video za kulinganisha besi zisikilize kwa hedifoni nzuri, la sivyo unalinganisha kelele za vidole.

Halafu ingia na bendi. Besi inayokupendeza chumbani, yenye chini nyingi na juu nyingi, ikikutana na ngoma na kinanda inazama. Kwenye sebene, besi inapopiga vipande vifupi na kuacha mapengo, unahitaji sauti za katikati ili kila noti ianze na iishe waziwazi. Kwenye rege, punguza toni, acha iwe nzito. Wapiga benga wanaiweka besi mbele kabisa, karibu na gitaa la solo, na hapo besi yenye giza itakuangusha. Mimi nikiwa na shaka naongeza katikati kabla ya chini.

Ukiletewa amplifaya na ndugu kutoka Marekani, soma kwanza nyuma yake. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke ukutani kwetu kwenye volti 230 au 240; tafuta transfoma ya kushusha yenye wati zaidi ya zile ambazo amplifaya inakula. Na usipige besi kwenye amplifaya ya solo kwa sauti kubwa, spika inaweza kuchanika.

Dukani, au kwa anayeuza yake ya zamani, tyuni kwanza, kisha linganisha kila uzi ukiwa wazi na ukibonyezwa freti ya 12, ambayo hutoa noti ile ile oktavu moja juu. Ikitofautiana kidogo, fundi atasogeza vipande vya daraja. Angalia shingo kwa upande, kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani: upinde mdogo ni sawa, ila ikijipinda kama iliyosokotwa, iache. Mwisho, piga noti moja moja kwenye uzi wa G kutoka freti ya 4 hadi ya 8, uache kila noti iishe yenyewe. Besi nyingi za mtindo wa Fender zina mahali hapo ambapo noti hufa mapema kuliko jirani zake. Karibu zote zina kasoro hiyo, ila kwa viwango tofauti, na hiyo ni tofauti ya kweli ambayo nyuzi mpya hazitaiondoa, wala DI.