Daktari unayetaka kuwa mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza, anzia kwenye chupa ya damu

Madaktari vijana wananiuliza sana, dokta nifanyeje niingie kwenye utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, nianze na masta au niunganishe PhD, niandike proposo kwanza au nitafute prof wa kunishika mkono. Yote hayo yana umuhimu wake, ila nikikumbuka miaka yangu naona kilichonichelewesha ni kitu kimoja tu, nilikua nahangaika na maswali makubwa wakati sijui hata namba zangu zinatoka wapi. Kwa hiyo mimi nakwambia hivi, kabla ya vyote fuatilia namba moja, kuanzia kitandani kwa mgonjwa mpaka inapofika kwenye jedwali.

Ngoja nieleze. Utafiti wangu wa kwanza ulikua wa watu wazima wenye homa kali, tunatoa damu inaenda maabara kuoteshwa tuone ni bakteria gani yumo. Miezi minane nakusanya. Majibu yanarudi hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu, mpaka nikaanza kuandika kabisa kwamba bakteria kwenye damu ni wachache kuliko tunavyodhani, na moyoni nikaamini nimepata jambo. Usiku mmoja niko wodini nabandika lebo kwenye chupa, sista wa zamu, mama wa makamo ambaye wodi ile anaijua kila kona, akaniuliza kwa upole tu, "Dokta, mbona damu unaitoa sasa hivi, huyu si alishachomwa seftriaksoni tangu jioni?"

Nikavuta chati. Saa kumi na dakika ishirini jioni dozi ya hiyo antibayotiki imeingia, na mimi natoa damu saa tatu usiku. Nikafungua fomu zangu, tarehe ipo, mahali pa kuandika saa hapapo, niliitengeneza mwenyewe ile fomu na sikuona. Nilikaa na machati wiki mbili nikihesabu moja moja, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikua wameshapata antibayotiki kabla ya mimi kugusa sindano, na dawa ikitangulia bakteria anaweza asiote maabara hata kama alikuwepo. Juu ya hapo chupa nyingi zilikua na damu mililita tatu au nne, wakati chupa ya mtu mzima inataka nane mpaka kumi, na damu ikiwa kidogo bakteria unaweza kumkosa hata kama yupo. Yaani sikua nimepima kitu. Kilichoniuma zaidi sio muda wangu, ni wale wagonjwa waliokubali kuchomwa sindano ya ziada kwa sababu niliwaeleza itasaidia wengine.

Tulianza upya, fomu ina mistari miwili, saa ya dozi na saa ya damu, na yule sista akaingia kwenye timu tangu tunapanga, na jina lake likawemo kwenye andiko letu kwa sababu kazi ile ilikua yake pia.

Sasa swali la utafiti unalipata wapi? Kwangu mimi swali zuri ni lile jambo unalofanya kila siku wodini bila ushahidi wa kutosha. Chukua utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliozorota. Miongozo ilikua inasema mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka, na sote tuliona ni busara. Kina Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyeongoza utafiti huo, wakapima kwa watoto zaidi ya 3,000, wakitegemea maji yataokoa maisha. Matokeo yakatoka 2011, ndani ya saa 48 waliopewa maji ya haraka walifariki kama 10.5 katika kila 100, ambao hawakupewa ni 7.3. Mimi nilisoma ile karatasi mara tatu. Watu walitegemea kitu kimoja, namba zikaonyesha kingine, wakazitangaza hivyohivyo, na huo ndio moyo unaotakiwa kwenye hii kazi.

Na uvumilivu, jamani. Mwaka 1995 kule Kikwit, Kongo, Profesa Muyembe, mtafiti wa Ebola wa huko Kongo, na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 wa Ebola damu ya watu waliopona, 7 wakaishi. Wagonjwa 8 bila kundi la kulinganisha hawatoshi kuthibitisha kitu, na wengi hawakukubali. Baadaye mtu aliyepona mlipuko uleule wa Kikwit alitoa damu, ndimo ilimopatikana kingamwili ya mAb114, yaani protini ya mwili inayopambana na virusi iliyogeuzwa kuwa dawa, ikapimwa hukohuko Kongo kwa kulinganishwa, na 2019 ikaonekana vifo ni kama 35 katika 100, wakati dawa ya kulinganishia, ZMapp, ilikua kama 50. Miaka 24 hiyo. Kwa hiyo proposo ikikataliwa mara ya kwanza usiitupe, soma maoni yao ukishatulia, siku mbili tatu hivi, mengi utakuta wana haki.

Mengine kwa haraka. Mtakwimu mtafute kabla hujachukua sampuli ya kwanza, ukimpelekea data mwishoni hawezi kukurudishia ulichokosa kuandika. Nani anakua mwandishi na sampuli ni za nani yaandikwe mapema, hata kama mnapendana. Na tafadhali usihame wodi moja kwa moja, hata siku moja kwa wiki ingia raundi, mana ukikaa ofisini miaka miwili maswali yako yanaanza kutoka kwenye karatasi za watu badala ya kwa wagonjwa.

Mpaka leo kila Jumatatu natoa fomu kumi bila kuchagua nazilinganisha na machati. Wiki iliyopita nimekuta tatu mfululizo zote zimeandikwa saa nne kamili, nikashuka wodini kumuuliza kijana aliyejaza, akanambia alikua peke yake na wagonjwa thelathini na saa ya ukutani iko upande wa pili wa mlango, anakumbuka kuandika baadaye. Tumeihamisha saa, sasa iko juu ya trei ya sindano.