Chatu wangu mpya hataki kula, nimlazimishe?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Naishi Leicester, Uingereza. Wiki tatu zilizopita nilimnunulia mwanangu chatu, wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojiviringa kama mpira. Muuzaji alisema ana mwaka mmoja na anakula panya kila wiki bila shida. Tangu aingie kwetu hajagusa kitu. Usiku nasikia kamluzi kidogo puani, lakini vinginevyo katulia tu. Kwenye kundi la WhatsApp nimeambiwa nimfungue mdomo nimsukumie panya kwa koleo, na kuna ndugu kanipa kipimo cha dawa ya minyoo ya kuchoma. Nifanyeje? (Mama Rayyan)

JIBU: Waalaykum salaam, Mama Rayyan. Hilo koleo lirudishe jikoni kwanza.

Katika yote uliyoandika, kilichonishtua si kutokula. Ni huo mluzi, ambao umeutaja kama mtu anayetaja mvua ya jana. Hivi ndivyo wanavyokuja karibu wote kliniki kwangu: mdomoni ni "daktari, hali, hali", na ukimgeuza nyoka mwenyewe ndipo unapokuta ugonjwa ambao hakuna aliyeuuliza.

Chatu wa aina hii akihamishwa nyumba hususa. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, hasa msimu wa baridi, na uzito wake ukabaki palepale. Wa mwaka mmoja hana akiba kama hiyo, lakini wiki tatu hazijamuua. Mpime kwa mizani ya jikoni leo, uandike gramu, umpime tena kila wiki. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hapo tutazungumza habari ya njaa.

Kinachoniudhi hasa ni upande wa pili wa imani hiyohiyo: kwamba nyoka anayekula ni mzima. Muuzaji anamtupia panya mbele yako, nyoka anameza, nawe unatoa pochi. Nimeshapokea chatu aliyekula juzi yake na kooni kumejaa makamasi mazito kama uji wa muhogo. Mnyama anayewindwa porini hajionyeshi kuwa anaumwa. Hula, hutulia, huficha, mpaka siku anaposhindwa. Hilo neno lako "katulia" ndilo linalonitia wasiwasi. Nyoka mzima ukimshika hukaza mwili, hukukumbatia mkono, ulimi unaingia na kutoka. Anayelala kiganjani kama kamba iliyolowa si mpole huyo.

Kijana mmoja aliniletea wake ndani ya boksi la plastiki pamoja na bakuli lake la maji, akisema ni safi kabisa na anakula kama jeshi. Nikalivuta bakuli chini ya taa. Maji yalikuwa na vitone vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Vikawa vinatembea. Ni utitiri, ndugu wa ule unaowasumbua kuku, na huwa unajibana kwenye ukingo wa jicho na mfereji wa chini ya kidevu. Nyoka alikuwa anashinda ndani ya maji kujaribu kuuzamisha, na mwenyewe akidhani anapenda kuoga. Wewe leo usiku mpitishe chatu wako kwenye karatasi nyeupe ya jikoni, halafu uitazame karatasi.

Tuurudie mluzi. Tazama macho. Yakiwa na ukungu wa rangi ya maziwa na ngozi imefifia, anakaribia kujivua gamba (la kweli, si lile la wanasiasa wetu), na ngozi ya zamani inaweza kubana tundu za pua. Subiri ajivue, kisha usikilize tena. Ukimya ukirudi, umepona wasiwasi. Lakini macho yakiwa maangavu na mluzi upo, au ukiona mapovu pembeni mwa mdomo, au analala ameinua kichwa juu na kuachama, hayo ni mapafu, usingoje wiki nyingine. Nyoka hana kiwambo cha kifua kama sisi, kwa hiyo hawezi kukohoa akatoa makohozi. Yanabaki humohumo.

Chanzo mara nyingi ni baridi. Upande wa joto wa kizimba uwe nyuzi 31 au 32 hivi, upande wa pili 25, na thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, iwepo. Kile kibandiko cha kupimia joto kinachogandishwa kwenye kioo kinapima kioo. Nunua kipimajoto chenye waya, uweke ncha pale anapolala.

Sasa uelewe kwa nini nimesema koleo lirudi. Panya anayesukumwa kwenye tumbo la nyoka aliyepoa hameng'enywi, anaoza. Nyoka anamtapika, anaishiwa maji, koo linachubuka, na kama kulikuwa na makamasi njiani umeyasindilia.

Na huyo ndugu wa kipimo. Dawa anayoisema ni ivermectin, wengi wetu tumekua tukiona wazee wakiwachoma nayo ng'ombe na mbuzi, ndiyo maana kila mtu anajiona mganga wake. Ile chupa ya ng'ombe, kwa chatu wa gramu 400, kiasi kinachomtosha hakifiki hata alama moja ya sindano ya insulini. Sasa mtu anakwambia "mvutie kidogo tu". Kidogo gani? Na kwa minyoo ipi, wakati choo chake hakijapimwa? Kuna aliyeona imemfaa nyoka akamchoma na kobe wa watoto. Kobe hawaivumilii kabisa dawa hiyo: huwapooza, na yule alikufa.

Madaktari hawa wa simu ni haohao wanaoshauri kubandua ngozi iliyobaki jichoni kwa selotepu. Nyoka hana kope. Jicho lake linafunikwa na gamba jembamba angavu, na ukikosea unaondoka nalo. Ni haohao wanaotoa antibaiotiki iliyobaki ya mtoto, mara mbili kwa siku, wakati zipo tunazowachoma nyoka mara moja kila siku tatu kwa sababu miili yao huitoa taratibu. Ukiuliza wamesomea wapi, wanakutumia video.

(Wanaonisoma kutoka Kenya na Tanzania, msianze kutafuta wa kununua: huko chatu ni mnyamapori, na kumfuga bila kibali ni kesi.)

Mluzi ukiendelea, mtafute daktari anayetibu reptilia hasa, si wa paka na mbwa tu. Mpeleke ndani ya foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya boksi, na chupa ya maji vuguvugu iliyofunikwa taulo pembeni. Chukua na choo chake kibichi ndani ya kikopo, hata kama kimechanganyika na ule weupe wa chaki, ndio mkojo wake. Na Rayyan anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, maana hata nyoka mzima hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha.