Jina la Kadi ya Mtandao Linapobadilika Kwenye Seva

Niliongeza diski ya NVMe (diski ya kasi inayochomekwa kwenye PCI, njia zinazounganisha vifaa ndani ya kompyuta) kwenye seva ya Linux iliyokuwa imefanya kazi kwa miaka bila matatizo, nikaiwasha, na mtandao haukurudi. Kebo ilikuwa mahali pake na taa za kadi zilikuwa zinawaka, lakini faili la mipangilio lilitaja enp3s0 ilhali kadi ileile sasa iliitwa enp4s0.

Zamani keneli, yaani kiini cha Linux, ilizipa kadi majina eth0, eth1 na kuendelea kwa kadiri ilivyozigundua, hivyo seva yenye kadi mbili iliweza kuwaka siku moja majina yakiwa yamebadilishana. Toleo la 197 la systemd (programu inayosimamia uwashaji na huduma za Linux), lililotoka mwaka 2013, lilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipo: katika enp3s0, p3 ni namba ya njia ya PCI na s0 ni nafasi ndani ya njia hiyo. Utaratibu huu ni bora zaidi, ila kifaa kipya kikiingia, namba za njia zinaweza kusogea, na jina nalo likasogea.

Kwa hiyo, kabla ya kuhariri chochote, ingia kupitia konsoli (skrini na kibodi ya seva yenyewe, isiyohitaji mtandao), endesha ip link, kisha ulinganishe anwani za MAC, yaani namba za utambulisho wa kila kadi, na kumbukumbu zako. Amri ya dmesg | grep renamed itakuonyesha jina la awali lililotolewa na keneli na lile lililochukua nafasi yake.

Wengi hushauri kuweka net.ifnames=0 kwenye vigezo vya kuwashia keneli ili kurudisha eth0. Mimi sishauri hivyo kwa seva yenye kadi zaidi ya moja, kwa sababu unarudi kulekule kwenye majina kubadilishana. Ninachofanya ni kuunda faili /etc/systemd/network/10-lan0.link, ambamo chini ya [Match] naandika PermanentMACAddress= na anwani ya kadi, na chini ya [Link] naandika Name=lan0. Natumia anwani ya kudumu kwa kuwa violesura vya VLAN (mtandao pepe juu ya kadi) na bondi (kadi kadhaa zilizounganishwa kuwa moja) huweza kurithi MAC ya kadi, vikalingana na faili lisilovihusu. Usichague jina la mtindo wa eth0, kwani linaweza kugongana na lile ambalo keneli imeshalitoa.

Baada ya hapo tengeneza upya initramfs (mfumo mdogo wa faili unaotumika mwanzoni mwa kuwaka), kwa update-initramfs -u au dracut -f, kisha utafute jina la zamani katika /etc nzima na kuweka jipya mahali pake. Mimi nilisahau kanuni za ukuta wa moto: seva ilipata anwani yake, lakini SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) iliendelea kukataliwa hadi nilipobadilisha jina humo pia.