Tutangoja maji

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: meli ya kitalii ikitia nanga, mzazi anayetembelea skuta ya umeme ashuke akaone bandari au abaki melini? Mimi meli hizo sijazipanda. Lakini mama yangu ana skuta ya aina hiyo, ya magurudumu manne, usukani na kapu la mbele, na ni mzaliwa wa Mkomani, hapa Lamu. Kwa hiyo nina jibu: kwetu abaki melini.

Kilindini, bandari ya Mombasa, meli hufunga gatini, abiria wakashuka kwa daraja lake. Mbele ya mji wetu meli kubwa haina pa kufunga. Hutia nanga nje, watu wakaletwa gatini kwa boti ndogo, na kampuni nyingi za meli hazikubali skuta nzito ipakiwe kwenye boti hizo. Mgeni akifika, amefika bila miguu yake.

Nasi wenyeji gati ni lilo hilo. Mwaka jana tulikuwa tunatoka kliniki Mombasa, basi likachelewa, tukalala kwa jamaa Mokowe, upande wa bara, panapopandiwa boti za Lamu. Mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana. Saa moja na nusu asubuhi boti ilikuwa sawasawa na kidato cha ngazi ya gati, mama akashikwa mkono akavuka mwenyewe. Skuta tuliifungua vipande: kiti, kapu, betri, sehemu ya mbele, na ya nyuma yenye mota, ambayo humshinda mtu mmoja. Boti ikakaa kungoja abiria wajae. Tulipofika Lamu saa tatu na nusu, maji yalikuwa yamekupwa, gati liko juu ya vichwa vyetu, vidato vya chini vyote vimeota mwani na chaza.

Vijana wakaja mbio bila kuitwa. Skuta ikapanda kipande kwa kipande, betri imeviringishwa nailoni isiguswe na maji ya chumvi. Kisha wawili wakamrudia mama.

"Bimkubwa, tutakutukua, usiche."

Mama akashika ubavu wa boti kwa mikono miwili. "Niwatani. Mimi si gunia. Tutangoja mai yayae."

Nikamwambia, mama, watu wanakutazama. Maneno hayo yananiuma mpaka leo. Hakunijibu. Aliniuliza tulipanda boti saa ngapi. Nikamwambia saa moja na nusu. Akanionyesha kidato kimoja kikavu juu yetu: maji yatakupwa hadi saa nne, kisha yarudi, na saa sita na nusu yatakuwa pale pale yalipokuwa tulipopanda. Mama ni binti wa nahodha. Nahodha wetu akaitikia kwa kichwa, abiria wake akampa mwenzake, akakaza kamba na kukaa nasi.

Tulingoja saa tatu nzima. Nilimshikia mwavuli. Punda walipita pwani juu yetu na mizigo ya mchanga. Maji yalipogeuka mama akaanza kuhesabu vidato vinavyozama, kimoja, kisha kimoja, kama mtu avutaye tasbihi. Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, boti ilikuwa imelala sawa na kidato chake. Akavuka. Akasimama ameshika nguzo hadi skuta ikaungwa, akaketi, akaiendesha pwani hadi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Nilikusudia kumalizia kwa Katiba ya 2010, ibara ya 54, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma. Bado naidai. Tunataka gati la kuelea, lipande na lishuke na maji. Na mtu asiniambie mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001 haufai kuguswa. Gati la kuelea haligusi ukuta wa mtu.

Lakini jana nilimsomea mama jibu langu la juu. Akauliza, "Abaki melini, amefungwa?" Sikuwa na la kusema, kwa sababu yeye akishavuka gati, Lamu humtendea wema kuliko Mombasa. Hakuna magari ya kumbana. Pwani ni tambarare. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni mwembamba, lakini skuta hupita, watu huinua miguu mabarazani, na kwenye daka letu, ukumbi wa mlangoni, tumeweka ubao. Hutoka kila alasiri, na hakuna anayemsukuma.

Basi nabadilisha: ashuke. Iwe siku za maji mafu, yasiyopwa sana, au kama ni bamvua aje alasiri maji yakijaa, saa tisa hadi saa kumi na moja. Kusi ikivuma kwa nguvu asijaribu. Skuta iwe ya kufunguka. Na kabla ya mkono wa mtu kumgusa, aulizwe yeye, si mwanawe.

Kliniki ijayo mama amepewa siku ambayo mwezi angani utakuwa wa siku kumi na sita, bamvua tena. Kesho nitawapigia simu nikawaombe waisogeze mbele kwa wiki moja.