Bastola ya baba imegongwa 1918: tuiuze shilingi ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nansio, Ukerewe. Baba yetu alifariki mwaka jana, na kwenye sanduku lake tumekuta bastola ya kizamani, ile ya silinda inayozunguka, ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi. Leseni ipo, kwa jina la baba. Ubavuni imegongwa WEBLEY, MARK VI na mwaka 1918, na kuna taji na vimishale viwili vinavyotazamana. Ukoo mzima unajua kwamba babu aliinyang'anya kwa ofisa wa Kiingereza mwaka 1916, Waingereza walipokuja kuwatoa Wajerumani hapa kisiwani. Ndani ya kitabu cha leseni kuna pia karatasi ya mauziano ya mwaka 1961, imesainiwa na Mzungu aliyekuwa mgodini Geita. Mtandaoni nimeona bastola kama hii imewekwa dola 3,000. Jamaa mmoja wa Mwanza anatoa shilingi milioni 3 taslimu na hataki habari za karatasi. Kaka yangu anasema tuipeleke kwanza kwa mafundi wa Makoroboi, Mwanza, waisugue ing'ae, tupate bei nzuri. Thamani yake ni ipi, na tuiuzeje?
Msomaji, Nansio

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nitafika kwenye bei, lakini kwanza tuitoe hiyo bastola sandukuni. Leseni mliyonayo ni ya baba, na baba hayupo. Shamba la mihogo linarithiwa, ng'ombe wanarithiwa, ila leseni ya silaha huzikwa na mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha iwe mikononi mwa mtu aliyepewa leseni yake, na sasa hivi mtu huyo hayumo nyumbani kwenu. Nendeni polisi hapo hapo Nansio bila bastola, mkiwa na kitabu cha leseni, cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kama mahakama imeshaitoa. Toeni taarifa, kisha wao waseme wanataka ifikishweje. Kama kuna risasi sandukuni, zitajeni pia. Msiifungue kuangalia kama ina risasi ndani, na mtoto yeyote asiiguse. Ikishapokelewa, daini hati ya mapokezi yenye namba ya silaha. Hati hiyo ndiyo mali yenu kwa sasa.

Na tafadhali usipande nayo meli kuniletea mimi. Miaka ya nyuma bwana mmoja aliniletea gobore la babu yake ndani ya kiroba cha dagaa, kalipitisha soko la Mwaloni, Mwanza, katikati ya watu. Nilimwacha amekaa kibandani nikaenda kuwaita polisi mwenyewe. Hatukuelewana kwa muda mrefu.

Sasa tuizungumzie yenyewe. Webley Mark VI ilipitishwa na jeshi la Uingereza mwezi Mei 1915. Ilitengenezwa Birmingham, mtutu wake una urefu wa inchi sita, na inabeba risasi sita nene za .455 (huo ni unene wake kwa inchi). Ukibonyeza kitasa cha juu inavunjika katikati kama bunduki ya kisasa ya kuwindia ndege, na maganda yanaruka yote kwa pamoja. Ni chuma kigumu kweli, kilichotengenezwa kwa ajili ya matope ya mahandaki.

Mwaka ule uliogongwa ubavuni ni mwaka wa kutengenezwa. Ukerewe ilitwaliwa mwezi Juni 1916, na Mwanza ikaanguka Julai mwaka huohuo. Bastola iliyotoka kiwandani 1918 haiwezi kuwa kiunoni mwa ofisa wa 1916. Najua hadithi hiyo imesimuliwa matangani na harusini, na sina haja ya kumvunjia heshima babu, huenda kweli alimnyang'anya mtu bastola. Ila si hii.

Vile vimishale ndivyo vinavyosema ukweli wake. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Miwili ikielekeana ncha kwa ncha maana yake serikali imeiondoa kwenye hesabu zake, imeuzwa kihalali kwa raia. Yaani hiyo bastola ilitoka jeshini kwa mlango wa mbele, ikazunguka ilikozunguka, ikamfikia yule Mzungu wa Geita, naye akamuuzia mzee wenu. Mgodi wa Geita wa wakati ule ulifanya kazi hadi 1966, kwa hiyo tarehe ya karatasi yenu inakaa sawa. Mnunuzi anayejua mambo ataipenda karatasi hiyo kuliko vita vyote vya babu, kwa sababu anaweza kuilinganisha na namba iliyo kwenye chuma.

Utaniuliza, karatasi inaongeza nini? Mwaka 2021 mnada wa Bonhams uliuza bastola ya Colt kwa zaidi ya dola milioni 6. Ni Colt ya muundo wa 1873, muundo ambao wakusanyaji wanaumiliki kwa wingi tu. Lakini hiyo ndiyo aliyoitumia sherifu wa Kimarekani Pat Garrett kumuua jambazi maarufu Billy the Kid mwaka 1881, na mnyororo wa karatasi za waliokuwa nayo haukukatika. Ukiziondoa karatasi unabakiwa na Colt ya kawaida. Yenu haina Pat Garrett, lakini kanuni ni ileile: hadithi isiyo na karatasi hailipiwi.

Neno lingine linalowapoteza watu ni "adimu". Uzee si uadimu. Mark VI zilitengenezwa kwa malaki, na nyingi zipo hai hadi leo. Adimu ni kitu kama Webley-Fosbery, ndugu yake wa ajabu, ambayo ukifyatua sehemu ya juu inarudi nyuma na silinda inajizungusha kwa mifereji ya pembepembe iliyochongwa juu yake. Hizo hazikufika 5,000. Au Colt Walker ya 1847, ambazo zilitengenezwa kama 1,100 tu, na mwaka 2018 moja ikiwa na sanduku lake iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.84. Ukiona mtu anataja bei za namna hiyo kwa Mark VI, anakuuzia ndoto.

Ndani ya Mark VI zenyewe bei zinapishana, na hapa ndipo kaka yako asikie vizuri. Jambo la kwanza tunaloangalia ni rangi ya kiwandani, ule weusi wenye bluu. Haukupakwa kama rangi ya ukutani, ni ngozi ya chuma chenyewe baada ya kutiwa dawa. Msasa wa Makoroboi utaimaliza kwa dakika kumi. Kisha utakula kingo za herufi, utayeyusha vimishale, utafifisha namba. Mnunuzi akishaona herufi zimelegea na kona zimekuwa za mviringo, anajua imesuguliwa, na nusu ya bei imeondoka, wakati mwingine zaidi. Hao mafundi nawaheshimu, sufuria zangu zote zinatoka kwao, lakini huku wasifike. Bastola yenye kutu kidogo na rangi yake ya asili inaishinda ile inayong'aa kama kijiko cha harusi. Hata kupakwa upya rangi nyeusi na fundi mzuri hakurudishi thamani.

Jambo la pili ni namba. Namba ya silaha hugongwa kwenye fremu, kwenye mtutu na kwenye silinda. Zikilingana zote tatu, vizuri. Isipolingana moja, kuna kipande kilichobadilishwa njiani. Waombeni polisi wazisome wakati wa kujaza hati, nanyi mziandike zote. La tatu ni nyuma ya silinda. Baada ya vita ya pili Mark VI nyingi ziliuzwa Marekani, na kwa kuwa risasi za .455 zilikuwa shida kule, silinda zilikatwa nyuma ili zipokee risasi za .45 za bastola za Kimarekani. Zilizokatwa zinashuka bei sana, na tena ni hatari, kwa kuwa risasi nyingi za aina hiyo zina nguvu kuliko chuma hicho kilichopimiwa. Yenu kama ilikuwa Geita tangu kabla ya 1961, nina matumaini haikuguswa.

Zile dola 3,000 ulizoziona ni bei ya kuomba. Muuza sato anaweza kuomba elfu arobaini asubuhi, wewe angalia aliondoka na ngapi jioni. Ukifuata bei zilizolipwa minadani, Mark VI nzuri isiyokatwa iko kwenye dola mia kadhaa hadi elfu moja na kitu. Na hiyo ni bei ya bastola iliyoko Marekani tayari, mbele ya wanunuzi wanaoruhusiwa kuinunua. Uingereza kwenyewe ilikozaliwa raia wamebanwa kumiliki bastola tangu 1997, kwa hiyo usidhani wanaisubiri bandarini. Yenu iko Nansio. Kuifikisha huko kunataka kibali cha kuitoa nchini, kibali cha kuiingiza kule, wakala mwenye leseni kila upande, usafirishaji, na kamisheni ya mnada. Kwa Fosbery ningekwambia tuhangaike. Kwa Mark VI hesabu inakula mtaji, na sitakudanganya ili nipate kazi ya uthamini.

Kwa hiyo njia iliyo wazi ni ya hapa nchini. Msimamizi wa mirathi awaandikie polisi kwamba familia inataka kuiuza. Mnunuzi awe mtu aliyekwishapata kibali cha kununua silaha, au mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, na makabidhiano yafanyike polisi, namba ihamishwe kutoka jina la baba kwenda jina lake. Wanunuzi wa aina hiyo ni wachache, na wengi wanataka bastola mpya yenye risasi zinazopatikana dukani. Tarajieni bei ya chini kuliko ndoto zenu. Kama kuna mmoja wenu anayetimiza masharti na anaitaka kwa kumbukumbu, aombe leseni yeye.

Kuhusu yule jamaa wa milioni 3: inawezekana kabisa bei yake ni kubwa kuliko mtakayopewa kihalali, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu asiyetaka karatasi hakusanyi vitu vya kale. Mkimuuzia, bastola inabaki kwenye daftari kwa jina la marehemu baba yenu. Siku ikitumika kwenye uporaji Buzuruga, Mwanza, gari la polisi litavuka maji kuja Nansio. Msimjibu hata kwa ujumbe wa simu, na polisi waambieni kwamba yupo.

Mfuko wa ngozi msiutupe. Bastola haipaswi kulala ndani yake, maana kwenye unyevu wa ziwa ngozi inanyonya maji na dawa zake zinakula chuma, na kama ina kutu, nadhani iko upande uliogusana nao. Lakini wenyewe ukiwa wa asili, mara nyingi una muhuri wa mtengenezaji na mwaka upande wa ndani wa mfuniko. Ufuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, msiupake mafuta ya nazi wala kiwi, kisha unipigie picha ya muhuri huo pamoja na ile karatasi ya 1961. Hivyo viwili unaweza kuvileta hata wewe mwenyewe kwa meli.